Wingu la Joe na mwezi wa Lighthouse

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi usiku, juu darini pale Mji wa Kale, Mombasa, tulipomaliza kuangalia muvi ya Joe Versus the Volcano. Upepo ulikuwa unakula maiki na wa nyuma walilalamika hawakusikia nusu, basi nimeyaandika. Mahali nilipokatizwa nimeacha vivyo hivyo, sikujipamba.

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa juu ya tangi la maji, shukeni kwanza jamani, tangi lenyewe si letu.

Haya, mumeiona. Mimi kusema kweli sikuwa naangalia skrini, muvi yenyewe naijua kwa moyo, nilikuwa nawaangalia nyinyi. Na nimeona kitu kilekile ninachokiona kila nikimuwekea mtu muvi hii: nusu saa ya kwanza watu waangaliana, hii ni kichekesho ama ni nini, mbona rangi zimekufa hivi, mbona huyu Tom Hanks ana uso kama mtu alonyweshwa dawa ya minyoo. Halafu pale kati, baharini, kimya. Hata yule mtoto alokuwa akitafuna bisi aliacha kutafuna.

Habari zake haraka haraka. Jina ni Joe Versus the Volcano, ilitoka 1990. Tom Hanks na Meg Ryan hii ndo mara yao ya kwanza kuigiza pamoja, ile Sleepless in Seattle watu wanayoipenda ni ya 1993, imekuja baadaye. Alieandika na kuidairekti ni John Patrick Shanley, na huyu si mtu wa mtaani, alikuwa ashapata Oscar kwa kuandika Moonstruck, na hii ndo ilikuwa ya kwanza kukaa kiti cha dairekta. Wakosoaji wengi wakaipiga madongo, Roger Ebert alikuwa mmoja wa wachache walosema jamani hii ni kitu. Shanley hakudairekti muvi nyingine mpaka 2008, ile Doubt ya masista na padri. Miaka 18! Mtu aseme jambo la rohoni kwa njia ya mzaha, watu wamcheke, anyamaze miaka 18, kisha arudi na jambo lile lile la rohoni lakini safari hii hacheki hata kidogo.

Mimi niliipata mwanzo wa 1998, mvua za El Niño bado hazijakata. Wakati huo twakodi kaseti, na ami yangu alikuwa na duka la kukodisha kule Majengo, na wateja walikuwa wataka ama Kihindi ama mateke, basi. Kaseti ya Joe ilikaa kwenye shelfu mpaka kava likapauka. Akanipa bure, akanambia hiyo hata ukiipoteza sikudai.

Na mimi wakati huo nilikuwa karani wa ofisi moja ya kliaringi, sitaitaja. Kazi yangu kujaza fomu za forodha kwa tapureta, nakala tano tano, chumba hakina dirisha, na juu ya kichwa changu kuna tyubu imeharibika yapepesa, pap, pap, pap, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Bosi alikuwa na simu yake moja ya maneno yaleyale, kontena iko wapi, sikukuuliza hivo, nimekuuliza kontena iko wapi. Sasa fikirieni mtu kama huyo aenda nyumbani, atia kaseti, na kitu cha kwanza aona ni Joe, ndo huyo Tom Hanks, amekaa chini ya taa kama ile, na bosi wake bwana Waturi kwenye simu arudia sentensi moja mpaka maneno yamekuwa kelele tu. Niliisimamisha kaseti nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo.

Basi alama. Najua kuna wanaosema sisi watu wa alama twaona vitu havipo, twaweza kutoa tafsiri hata kwa tangazo la sabuni. Sawa. Lakini rudini mwanzo kabisa. Wafanyikazi waenda kiwandani asubuhi, vichwa chini, na wimbo unaopigwa ni Sixteen Tons, wa mtu anayebeba mzigo siku nzima na mwisho wa yote roho yake yadaiwa na duka la kampuni. Mababu zetu walobeba magunia Kilindini wangeuelewa bila kutafsiriwa. Sasa angalieni njia wanayopita. Mlango uko pale mbele, mtu mwenye akili angekata moja kwa moja, lakini wote wafuata njia iliyopinda kombokombo kama herufi ya Z, na hakuna hata mmoja anayetoka kwenye mstari. Umbo hilohilo ni nembo ya kampuni. Umbo hilohilo ni ufa kwenye ukuta wa nyumba ya Joe. Ndio radi inayopiga boti inayompeleka Joe kisiwani. Ndio njia ya kupanda mlima wa moto mwishoni. Mara moja ningesema bahati, mara tano yule bwana hakuokoteza.

Sisi tunaoswali, kila siku kwa uchache mara kumi na saba twaomba tuongozwe njia iliyonyooka, kumi na saba, na wengine twaomba huku akili iko kwenye kontena. Na mshairi wetu wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kama miaka mia mbili nyuma, aliukalisha moyo wake kitako akauuliza mbona wafuata dunia na "ndia za tatasi" zake. Tatasi, mafundo, uzi ulojisokota. Ndio njia ile ya kiwandani, hasa. Lakini mimi kilichonishika zaidi ni kwamba radi nayo ina umbo hilo. Manake radi ndo ilomvunjia boti, na boti isingevunjika asingepata ule usiku wa mwezi. Kwa hivyo sijui tena kama kombo lile ni la kumpoteza ama ni la kumfikisha, na nadhani dairekta alitaka tusijue.

Kiatu nakipitia mbio. Joe soli yake imeachia, na kwa Kiingereza soli na roho hutamkwa sawasawa, kwa hivyo akisema soli yangu yaniponyoka wao wasikia na jengine. Kwetu mzaha huo haufiki. Kwetu soli ikiachia wampelekea fundi pale Mwembe Tayari, apiga gamu, ashona, wavaa siku hiyohiyo. Labda ndo tofauti.

Daktari sasa. Joe aambiwa ana wingu la ubongo. Halina dalili, haliumi, atakuwa mzima wa afya kama miezi mitano hivi, kisha basi. Mumecheka hapo, na ndivyo inavyotakiwa, manake ni ugonjwa wa kijinga. Hata Patricia, yule binti wa boti, baadaye amuuliza, wewe, umeambiwa una wingu la ubongo na hukwenda kwa daktari mwengine? Mtu wa Mombasa angeshakwenda kwa madaktari watatu, akanywa kombe, yale maji ya aya, na shangazi yake angeshamletea mafuta ya habasoda. Na mwisho twajua ni uwongo, daktari alilipwa, tajiri Graynamore alitaka mtu wa kurukia volkano, manake watu wa kile kisiwa ndivyo walivyotaka ndipo wampe madini yake.

Haya, hapo ndipo watu wengi huimaliza muvi: alidanganywa, kumbe mzima, alhamdulillahi, twende zetu. Mimi nawaomba mumsikilize yule daktari tena, polepole. Una kitu ndani yako hakina dalili. Kwa sasa uko mzima. Siku zako zina hesabu. Hebu nambieni, kati yetu sote tuliokaa hapa juu, ni nani hayo maneno si yake? Kila nafsi itaonja mauti, twalisikia kila tukienda kuzika, kila tukirudi twauliza pilau iko wapi. Yule daktari alidanganya kuhusu ugonjwa, lakini kuhusu hali ya Joe hakudanganya. Alimwambia kweli bila kukusudia. Na Joe siku hiyohiyo arudi ofisini aambia bosi nimekuuzia maisha yangu kwa dola mia tatu kwa wiki kwa sababu naliogopa kuyaishi. Mtu mzima, mwenye afya, ngojea aambiwe atakufa ndipo afumbue macho.

Na kuna ile kauli ya kulala. Patricia amwambia Joe kwamba babake husema karibu dunia nzima imelala, kila unaemuona na unaezungumza nae amelala, na wachache walo macho huishi wakishangaa tu. Wazee hapa mumetikisa vichwa, nimewaona, manake twalijua lile neno wanalolinasibisha na Sayyidna Ali, watu wamelala, wakifa ndo huamka. Lakini je mumeshika ni nani alolisema kwenye muvi? Babake Patricia ni Graynamore. Yuleyule tajiri alomnunua mtu amtupe motoni. Mimi hilo lilinichukua miaka kuliona. Maneno bora kabisa ya muvi nzima yametoka kwenye mdomo wa muongo, na bado ni ya kweli, na binti yake ameyabeba vizuri kuliko yeye.

Sasa baharini. Hapa niwacheni nikae.

Joe akiwa mjini anunua masanduku manne ya safari, makubwa, hayaingii maji, na yule muuzaji ayauza kama vile auza kitu kitakatifu. Watu hucheka, apeleka wapi masanduku manne mtu anaekwenda kufa? Mabibi zetu wangemwelewa, bi harusi wa zamani na sanduku lake la njumu, ndani yamo maisha yote. Kisha tufani yaja, radi yapiga, boti yazama na kila kitu. Mzigo wote unazama ila ule mzigo wa kuchekesha. Masanduku yaelea. Joe ayafunga pamoja, ampandisha Patricia alozimia, na sasa wako wawili juu ya ubao katikati ya Pasifiki, jua lawachoma, maji ya kunywa ni machache na hayo machache ampa yeye, kidogo kidogo, mdomoni, mtu asojua hata kama amepewa. Yeye mwenyewe midomo imepasuka.

Angalieni hapo. Hakuna anayemuona. Hakuna wa kumwambia ahsante. Huyu Joe alikuwa mtu wa kujipima homa kila siku, kila ugonjwa ni wake, na leo kwa mara ya kwanza hajiulizi anaumwa wapi.

Halafu mwezi watoka. Mkubwa kupita kiasi, wajaza skrini yote, mwezi kama huo hauko, na yeye ni kitu kidogo cheusi mbele yake. Asimama kwa shida, miguu haina nguvu, ainua mikono, na aomba. Amwita Mungu ambae jina lake halijui. Amshukuru kwa uhai wake. Asema alikuwa amesahau ukubwa wa haya yote. Kisha ashukuru tena, aanguka.

Haombi maji! Wallahi mimi hilo ndo lililonitoa machozi. Mtu ana kiu ya kufa na kwa anavyojua yeye ana ugonjwa wa kufa na akiokoka baharini aenda kurukia moto, na katika dua yake yote hakuna ombi hata moja. Twajua katika Sura Ankabut tumeambiwa watu wakipanda jahazi humuomba Mungu kwa ikhlasi, akishawafikisha nchi kavu wanageuka. Na Nabii Yunus ndani ya tumbo la samaki, gizani, alianza kwa kumtakasa Mola na kukiri kosa lake. Ndugu zetu Wakristo munaye ni Yona, ni bahari ileile. Sisemi Joe ni mtume, astaghfirullah, ni muvi. Nasema mtu aloiandika alijua dua ya baharini yafanana vipi. Na akamuweka mtu asojua hata jina la kuitia, na dua ikawa nzito kuliko zangu mimi ninayejua majina tisiini na tisa kwa mpangilio.

Na sikieni, hukumu ya kifo ilikuwa ya uwongo lakini shukrani haikuwa ya uwongo. Alipokuja kujua hana wingu lolote, ule usiku haukufutika.

Hapa ndipo nilipoingia kwenye wale wanawake watatu, na ndipo nilipokatizwa. Meg Ryan aigiza watu watatu, DeDe wa ofisini mwenye mafua na woga, Angelica anaeishi kwa pesa za babake na ajichukia kwa hilo, na Patricia wa boti. Mimi miaka yote nimekuwa nikisema hizi ni nafsi tatu, ammara, lawwama yenye kujilaumu, na mutmainna ilotulia. Nikawa nalieleza kwa madaha, ustadh mmoja alokaa karibu na ngazi akanyoosha mkono.

"Maalim, hapo kamba umeivuta ikakatika. Nafsi ammara ni ile yenye kuamrisha maovu. Yule binti wa ofisini kaamrisha ovu gani? Kaogopa tu maskini."

Nikamwambia haki yako. Angelica kuwa lawwama bado naing'ang'ania, yule ajilaumu mpaka ataka kujiua, lakini DeDe hapana, na Patricia mwenyewe asema roho yake inaumwa, mutmainna gani hiyo. Nikamuuliza basi wewe waonaje. Akasema, "Mimi naona mwanamke ni mmoja, na anayemtazama ndo abadilika." Jamani, miaka ishirini na kitu nimebeba tafsiri yangu kama sanduku la njumu, na mtu aloiona muvi mara moja kanipiga kwa sentensi. Na ukikumbuka Joe amwambia DeDe kwamba siku ya kwanza kumuona alihisi ashawahi kumuona, naona ustadh kashinda.

Lazima niseme na ubaya wake pia. Wale watu wa kisiwa, Wawaponi. Wamefanywa vichekesho, wapenda soda ya machungwa kama watoto, kila mmoja ni mwoga, na mwisho kisiwa chazama na wao wote na muvi haisimami hata dakika moja kuwalilia. Sisi ni watu wa visiwa. Mombasa ni kisiwa, Lamu kisiwa, Pate kisiwa. Nikiona kisiwa kizima chazama ili bwana na bibi harusi waende fungate, nakereka, na sitaki kijana yeyote hapa aniambie ni alama. Alama gani inayoua mji mzima? Shanley hapo aliteleza, ama Hollywood ilimtelezesha, vyovyote vile. Naipenda muvi na hilo silisamehi.

Kuruka kwenyewe sina mengi. Waozeshwa pale pale juu ya mdomo wa volkano, na Joe ana hofu, na Patricia amwambia kwa namna yake kwamba hakuna ajuaye lolote, turuke, tutaona. Kisha mlima wawatema. Kuna mtu alinambia hiyo ni tawakkul, kumtegemea Mungu. Siyo, tawakkul kwanza hufunga ngamia. Ile ni kitu chengine, na mimi nadhani ni ndoa.

Mwisho mama mmoja akauliza kutoka kule mbele, "Na wewe mwanangu, hiyo muvi ilikufanya nini? Uliacha kazi?"

Sikuacha mama. Nilikaa miaka miwili zaidi, nilikuwa na mdogo wangu wa kumlipia skuli, na hakuna tajiri alonipa kadi za benki kama Joe alivyopewa. Nilichofanya nilinunua tyubu kwa pesa zangu, nikapanda juu ya kiti nikaibadilisha, bosi akaniuliza nani kakuruhusu.

Na usiku wa mwezi kumi na nne nikaenda Lighthouse, pale kando ya bahari. Mvua ilikuwa imepumzika siku mbili. Nikanunua mihogo ya karai, gazeti lote mafuta, ile pilipili na ndimu ikanichoma mahali nilipojikata na karatasi ofisini. Magari yamepangwa yameelekea bahari na walo ndani wanazungumza. Mwezi ukatoka. Haukuwa kama wa muvi, ulikuwa mwekundu, mdogo, mchafu kama sufuria ya jana, na nusu yake imefichwa na meli iliyotia nanga nje yangoja zamu ya kuingia Kilindini. Nikataka kuinua mikono kama Joe, nikaona haya. Yule muuza mihogo akaniuliza, "Kaka, pilipili niongeze?" Nikamwambia hebu geuka nyuma kwanza.

Akageuka. Akakaa hivo na kijiko chake mkononi, mpaka nikasikia harufu ya mihogo yaungua. Kisha akasema, "Miaka minane niko hapa. Mteja hutoka barabarani, basi mimi huangalia barabara."

Akarudi kuokoa mihogo yake, na ile iloungua akanipa mimi, bure.

Haya, nimemaliza. Viti vya buluu ni vya msikiti, vya kijani ni vya harusi ya kesho, tafadhali msivichanganye.